Bosi Amekula Rojo

Sibwesa, 17 Februari 2025

Mwanangu Agape,
Hujambo huko Tabora? Mimi mzima, ni mgongo tu. Mvua haikatiki. Jana tulikuwa kwa Manyanda, kwenye ubatizo wa mjukuu wake. Nikarudi na rojo la nyama, vitunguu tele na vitunguu saumu. Nikampa Bosi, nikasema leo na yeye ale kama watu. Akalamba sufuria mpaka ikang'aa. Leo anatapika, amelala tu. Nimpe maziwa?
Mama yako

Tabora, 17 Februari

Shikamoo mama. Pole na mgongo. Usimpe maziwa wala mafuta, na usimtapishe. Nimempigia daktari wa mifugo. Anasema vitunguu ni sumu kwa mbwa, hata vikipikwa, vinaharibu damu. Mpe maji kidogo kidogo, umpeleke Mpanda mapema. Mwangalie fizi na mkojo.
Mwanao, Agape

Sibwesa, 20 Februari

Agape mwanangu,
Uko salama? Mtandao ulikata, ujumbe wako nimeupata leo. Fizi zimekuwa nyeupe kama unga wa muhogo. Mkojo ni kahawa tupu. Yohani akatubeba kwa pikipiki yake, Bosi nimempakata ndani ya kitenge. Kufika mtoni, daraja halionekani, ni maji matupu. Yohani akasema, "Mama, turudi. Hata wagonjwa wamelala ng'ambo hii." Tukarudi. Nifanye nini sasa?
Mama yako

Tabora, 20 Februari

Shikamoo mama. Pole sana. Daktari anasema amefikia pa kuongezewa damu, na hiyo hata huku sijaipata. Alale pakavu, asisumbuliwe. Mama, usijilaumu, ulimpa kwa upendo.
Mwanao, Agape

Sibwesa, 21 Februari

Mwanangu,
Umeamkaje? Bosi amekataa maji. Nikimwita, masikio yanacheza kidogo, basi. Usiniandikie tena cha kufanya. Niandikie habari za huko tu, nimsomee. Sauti bado anaisikia.
Mama yako

Tabora, 21 Februari

Shikamoo mama. Bosi, hujambo?
Huku leo jua limetoka. Jirani yangu Fausta ana kuku mtukutu kweli. Ameingia chumbani kwangu, akataga juu ya gauni la mteja ambalo hata sijalipiga pasi. Nimemtoa, anapiga kelele mlangoni utadhani nimemdhulumu. Bosi, ungekuwa hapa ungemkimbiza mpaka stesheni.
Nimemfungulia. Ameingia, amelala tena palepale.
Mwenzenu, Agape