Wamehamisha Betri Zao

Dandora, Jumatano, mwezi wa saba. Baridi ya kuuma masikio na manyunyu tangu asubuhi. Sina raha, na leo sitaki kusalimiwa na mtu.

Mwangi amekuja na mkokoteni kuchukua betri yake. Huyu Mwangi ni fundi cherehani, jirani yangu wa ukuta mmoja. Wengine walishachukua zao wiki hii, yeye ndiye alikuwa amebaki. Sasa kibanda changu cha kuchajia kina injini tu, na mimi.

Shule niliachia darasa la pili, ndiyo maana naandika polepole. Lakini karakana ya reli sikuingia kwa kuandika. Injini ya treni ikigoma, wakubwa wenye vyeti vyao walikuwa wanasema, mwiteni Barasa. Mpaka leo sijaona chuma cha kunishinda.

Ploti nyingi huku kwetu hazina stima, kwa hivyo watu wanawasha televisheni na redio kwa betri ya gari. Ikiisha moto wananiletea. Nilichukua injini ndogo ya petroli, ile ya kusukuma maji, nikaifunga mkanda ikawa inazungusha altaneta ya gari, ile inayotengeneza umeme. Nani mwingine hapa aliwaza hivyo? Hakuna.

Halafu akaja Kanyi, akafungua duka kule penye stima, na chaja ya kuchomeka ukutani. Betri zangu zilikuwa nyingi na altaneta ni moja, watu wakaanza kunung'unika eti nakawia. Nikasema mimi siwezi kushindwa na waya wa ukutani. Nikaenda soko la Gikomba nikapata altaneta ya lori, nikaifunga upande wa pili wa injini.

Walinicheka. Walisema injini ndogo hivi haiwezi kubeba mbili. Kweli ilikohoa ikataka kuzima. Nikaivalisha ile ya lori puli kubwa, lile gurudumu la mkanda, isiielemee injini, na nikawa siiungi na betri mpaka injini ishike mwendo vizuri. Ikavuta zote mbili. Wakanyamaza.

Injini haikuwa shida. Shida ni watu wa hapa na masikio yao.

Mtu wa hapa haamini betri imejaa mpaka aisikie ikitokota. Anainama, anatega sikio juu ya vifuniko kama daktari na kifua cha mgonjwa. Ikiwa kimya anakwambia umemdanganya. Basi ile altaneta ya lori nikaiondolea katauti, kile kidude kinachopunguza moto betri ikijaa. Moto ukawa unaingia wote, bila breki. Betri zikatokota kama sufuria ya githeri, kibanda kikanuka mayai mabovu.

Wakafurahi! Mwangi mwenyewe alisimama njiani akiita watu, "Kujeni msikie kazi ya mzee!"

Niliona maji ya betri yanakauka upesi, nikawa naongeza. Niliona moja imevimba ubavu. Sikusema kitu.

Sasa zimeanza kufa. Unachaji leo, jioni haina moto. Mwangi aliniambia leo picha ya televisheni yake ilinywea ikawa kama uzi, na habari hazijafika katikati.

Nikamwambia, "Si wewe ulitaka itokote?"

"Nilisema uchaji, mzee. Sikusema upike."

Wapita njia wakacheka. Akasukuma mkokoteni akaenda zake kwa Kanyi. Kanyi, ambaye betri zake hazijawahi kutokota hata siku moja, na walikuwa wanamcheka kwa hilo hilo!

Nikafunga kibanda mapema. Kufika nyumbani nasikia redio inalia. Nikashangaa, kwa sababu betri yetu pia niliichemsha na haikuwa inashika moto.

Juu ya kabati kulikuwa na betri nyingine. Nikamuuliza mke wangu imetoka wapi.

"Kwa Kanyi. Ameniazima yake, na yetu ameiweka kwa chaja aone kama itapona," akasema. "Baba Nafula, dada yangu amekufa na sijui atazikwa lini. Matangazo ya vifo nitayasikia na nini?"

Nikavua koti, nikaketi karibu na redio.

Tangazo lilisomwa, Jumamosi atazikwa. Mama Nafula akaanza kulia, na redio ikaendelea kusema vizuri, sauti haitetemeki.

Katauti iko kwenye mkebe wa misumari. Kuirudisha ni kazi ya dakika chache tu. Lakini nikiirudisha betri hazitatokota, na hawa watu watainama, watatega sikio, watasema Barasa amezeeka, hachaji tena. Kanyi wanamwamini kwa sababu ana waya ukutani. Mimi wataniamini kwa nini?

Nitairudisha tu. Ije betri au isije.