Tatu Imeishinda Saba, Mtani

Salumu, Mzaramo wewe,

Sikuulizi hali. Huko uliko hali ni ileile kila siku, na mimi hapa Igalula bado mzima, miguu tu ndiyo inanibishia. Mwandiko huu ni wangu mwenyewe. Ulikuwa unasema Mnyamwezi aliyesoma ngumbaru akiandika, kuku wanakimbia. Soma hivyo hivyo.

Kuna neno linanitatiza na sina wa kumwuliza. Redio zote za hapa stesheni ulitengeneza wewe, baiskeli zote mimi. Mambo ya waya yalikuwa yako. Sasa umekufa, waya umeniachia mimi.

Mwanao Zuhura amefungua duka palepale ulipokuwa unakaa na redio zako. Anachapa barua za watu, anatoa picha za vitambulisho. Alitaka kompyuta ya mezani, iliyotumika, maana mpya hatuiwezi. Mimi nikasimama mbele za watu nikasema mashine haijawahi kunishinda tangu nizaliwe, nitakwenda Tabora kuichagua mimi. Na ni kweli haijawahi. Unajua.

Tukaenda naye kwa treni. Fundi wa mjini akatuwekea mbili. Akasema zinafanana kila kitu isipokuwa prosesa, kile kidude cha ndani kinachofanya kazi yote, kama mguu unaokanyaga pedeli. Moja ina i7 ya kizazi cha pili, nyingine i3 ya kizazi cha sita. Zuhura akaishika hiyo yenye i3. Akanieleza taratibu kwamba hiyo namba ni cheo ndani ya kizazi chake tu. Kizazi kikiwa kipya, hata mdogo wao kazi ya kuchapa anaiweza, tena anakula umeme kidogo. Na umeme wetu wa dukani ni wa sola.

Salumu, hebu niambie wewe. Saba na tatu, ipi kubwa? Na kizazi cha pili si ndio wakubwa wa hicho cha sita? Baiskeli za zamani ndizo chuma, hizi za leo ukiziegemeza ukutani zinapinda. Kwa hesabu yangu saba ilikuwa imeshinda mara mbili. Nikazinyanyua, saba nayo ikawa nzito zaidi. Fundi akasema tukiona haifai tuirudishe kabla mwezi haujaisha, atatubadilishia. Nikachagua saba. Zuhura akanitazama, akasema, "Mpagazi kaona mzigo mzito, kaupenda." Wateja wakacheka, na mimi nikacheka. Nikaibeba mwenyewe mpaka stesheni.

Basi. Ikawa inawaka, lakini alasiri haijafika betri ya sola imekwisha, watu wanaondoka na karatasi zao. Nikaigusa kwa nyuma, ya moto. Mimi maisha yangu yote kitu kinachozunguka kikipata moto dawa yake naijua. Zuhura alipotoka nikaifungua. Nikang'oa feni, chini yake nikakuta uji wa kijivu umekauka. Nani kaweka tope humu? Nikaufuta kwa mafuta ya taa, nikapaka grisi, ile nzuri ya ekseli. Nikarudisha feni. Ikawaka. Nikamwambia Zuhura nimeiponya.

Kesho yake kwaya ya Moravian wakaleta nyimbo zao za Jumapili zichapwe. Katikati ya kazi chumba kikanuka kama kikaango, mashine ikazima, nyimbo zikapotea. Zuhura akafungua akaona grisi imeyeyuka inachuruzika. Kumbe ule uji ndio dawa yenyewe, unatoa moto kwenye prosesa unaupeleka kwenye chuma cha feni. Sasa dawa kwa nini waipe rangi ya uchafu? Sielewi mpaka leo. Ameusafisha, amepaka uji mwingine, imewaka. Ila alasiri betri inakwisha vilevile.

Nikangoja anitukane. Nilikuwa na jibu tayari mdomoni. Siku tunakuzika nililala kaburini mwako, kama desturi ya mtani, nikasema huyu haingii, Wazaramo hawajui kulima, atawatia njaa wafu wetu. Zuhura akacheka huku analia. Tangu hapo utani wako amerithi yeye. Kila asubuhi, "Shikamoo mpagazi, leo umedondosha mzigo wa nani?"

Siku ile hakusema hivyo. Alifuta mikono, akasema, "Si neno, mzee wangu. Umejitahidi."

Mzee wangu. Na kesho yake akaniamkia kwa adabu, kama mgeni aliyeshuka kwenye treni. Na kesho kutwa. Nimetukanwa na watu wenye vinywa, Salumu, wewe wa kwanza, lakini hakuna tusi lililoniuma kama adabu ya mwanao.

Nikamwambia airudishe hiyo mashine. Akasema aliyechagua ni mimi, yeye hawezi kwenda kunivua nguo mbele ya fundi. Na majirani wananiambia anafikiria kufunga, arudi kwa wajomba zake Kisarawe. Akienda huyo, hapa Igalula nabaki na nani? Watu wote watakuwa wananiamkia tu.

Nimewaza mpaka kichwa kinauma. Tatu inaishindaje saba, bado sijui. Mdogo anampitaje mkubwa, sijui. Lakini Jumatatu naibeba saba mimi mwenyewe, Zuhura nyuma yangu, mpaka kwa yule fundi. Kwamba nimekosea sitasema, hilo usilingoje. Nitasema binti wa Salumu alichagua vizuri tangu mwanzo, apewe chake. Nitasema kwa sauti, wateja wakiwepo wasikie.

Nikuache, mkono umechoka. Lala, Mzaramo, Mungu akupanulie ulipo, na usiwasumbue uliolala nao. Mwanao haendi Kisarawe, nakuahidi. Tukiwa kwenye treni tunarudi, hiyo tatu nimeipakata, nitanyamaza kimya, nimpe nafasi anitukane mpaka Igalula.

Mtani wako