Sukari ya Brown Haikuongeza Damu

Nyambura, mdogo wangu,

Mtoto wako yuko hai. Naanza na hilo kwa sababu sina habari nyingine njema. Ni msichana, na paji la uso ni lako kabisa. Akilia, Mama hutoka nje akasimama kwenye boma la ng'ombe mpaka anyamaze.

Tulikuzika hapa nyumbani Njoro, mwisho wa shamba, upande wa ngano. Udongo bado haujashikana. Mimi nilifunga kibanda changu Mai Mahiu nikarudi. Madereva wa malori watatafuta chapati kwingine.

Nakumbuka uliporudi hapa nyumbani kwa Mama kutoka kliniki na vile vidonge. Muuguzi alikuwa amekuambia damu yako iko chini. Ukameza, ukatapika, ukameza tena, ukatapika mpaka ukalia. Ndipo yule mama wa duka akakuambia, "Achana na hizo dawa. Weka sukari ya brown kwa chai. Hiyo iko na chuma, iko na madini yote. Ile nyeupe walishayatoa."

Ulinipigia simu nikiwa nakanda unga. "Sis, nimepata dawa tamu!" Nikakuambia urudi kliniki wakubadilishie vidonge. Ukacheka. "Wewe nawe! Unapenda kuogopa."

Ukainywa chai hiyo mpaka mwisho wa mimba. Ulipojifungua, damu ikatoka. Daktari alituambia mwanamke mwenye damu ya kutosha huenda angestahimili, lakini wewe hukuwa na akiba. Wakakuwekea damu ya watu wengine. Haikutosha. Nyambura, haikutosha.

Baada ya mazishi nilienda kumuuliza yule muuguzi. Nilitaka aniambie kwamba angalau ilikusaidia kidogo. Alinishika mkono. Akasema rangi ile ya kahawia ni molasi, ile ile tunayochanganyia ng'ombe chakula, imebaki kidogo kwenye sukari. Ndiyo, ina chuma, ina kalsiamu na potasiamu, lakini ni chembe tu. Kijiko cha chai hakibebi kitu cha maana. Ungetaka chuma cha kutosha humo, ungekula sukari mpaka ikuangushe kwa ugonjwa mwingine. Inayobaki yote ni utamu, sawa na nyeupe. "Angerudi," akasema, "tungempa vidonge vingine, avimeze na chakula. Tungemwambia ale maini, maharagwe, mboga za managu."

Managu! Yanajiotea hapa nyuma ya jikoni. Juzi niliyatazama nikashindwa kuyachuma.

Halafu jana asubuhi nikamkuta Mama amempakata mtoto, ana kikombe cha maji yenye sukari ya brown, anamdondoshea mdomoni. Nikamuuliza anafanya nini.

"Namwongezea damu," akasema. "Asiwe kama mamake."

Nikakichukua kile kikombe. Nikamweleza yote niliyoambiwa, polepole, kama nilivyokueleza wewe hapa. Mama akanipa mtoto. Akakaa sakafuni, miguu ameinyoosha kama mtoto mdogo.

"Lakini ni mimi nilikuwa namtengenezea," akasema. "Kila asubuhi. Akisema imezidi utamu, nilimwambia kunywa, ni damu hiyo."

Ningemwambia alikupenda kwa ile chai, kwamba hakujua, kwamba hakuna aliyejua. Badala yake nilitoka nje kuyamwaga yale maji, mwanao begani. Tangu hapo Mama hajaweka chai motoni. Hajala. Amelala ameangalia ukuta, na nikimwita anasema, "Niache, Wambui."

Sijui kama nitawazika wawili. Naogopa kuliandika hilo, lakini ni nani mwingine nitamwambia?

Kesho nampeleka mtoto kliniki apimwe damu, na nitarudi kila nitakapoitwa. Hiyo ni ahadi. Nitamlisha ninachoambiwa na wanaojua. Atajua jina lako. Kumlea nitamlea, Nyambura, lakini usiniombe nimlee kwa furaha. Hiyo sina.

Lala, mdogo wangu. Kwaheri.

Dada yako,
Wambui