Begi Lililoshuka Bila Mtoto

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Mkoba (ndivyo anavyoitwa na watu wote kazini; jina kamili limo katika daftari la kituo)
Umri: miaka 58
Kazi: mhudumu wa basi la shule kwa miaka kumi na tisa, miezi miwili hii, mfungua lango wa shule hiyo hiyo
Makazi: nyumba za nyuma ya kiwanda cha magodoro, mlango wa tatu kutoka bombani
Siku na saa ya kuandikwa: Alhamisi tarehe 16, saa tisa na nusu alasiri

Sijaitwa, nimekuja kwa miguu yangu. Nimekuja kwa sababu nimesikia kwamba binti wa darasa la sita, mwenye miaka kumi na miwili, ameitwa hapa kesho saa nne asubuhi pamoja na mama yake, aje aeleze kwa nini alidanganya mashine ya basi. Huyo binti hajadanganya mtu wala kitu. Hilo liandikwe kwanza, kabla afande hajachoka mkono.

Nieleze kazi yangu ilivyokuwa, maana wenye ofisi hawaijui na hawakuwahi kuuliza. Basi letu linachukua watoto thelathini na wanne asubuhi na kuwarudisha alasiri. Wa kwanza anapanda saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, akiwa bado na alama za mto shavuni. Kwa foleni ya jiji hili, toka darajani hadi shuleni ni zaidi ya nusu saa, na siku mbaya ni saa nzima. Mtoto wa miaka mitano akikaa kiti chenye jua, analala. Halali kwa ukaidi, analala kwa sababu ni mtoto.

Kwa hiyo mkoba wangu nilikuwa nauweka kiti cha mwisho kabisa, dirishani. Humo mna funguo za nyumba, miwani na simu, na bila kuufuata siwezi kufanya lolote. Watoto wakishashuka, naenda nyuma kuuchukua, na nikienda natazama kila kiti, juu na chini. Jina la Mama Mkoba lilitoka hapo. Kwa miaka kumi na tisa nimewaamsha huko nyuma watoto kumi na mmoja, na hakuna mzazi aliyewahi kujua, kwa sababu hapakuwa na la kujua.

Jambo la pili ni mabegi. Miaka sita iliyopita mtoto wa chekechea aliteleza kwenye ngazi ya basi na begi zito kuliko yeye, akavunja meno mawili ya mbele. Tangu siku hiyo nikaweka utaratibu. Mabegi ya wadogo yanarundikwa mbele karibu na mlango, na kila mkubwa anaposhuka anachukua la mdogo mmoja, ili wadogo washuke mikono mitupu na kushika chuma cha mlangoni. Utaratibu huo ni wangu. Haukutoka kwa mwalimu mkuu, wala kwa dereva, wala kwa huyo binti.

Miezi minne iliyopita mwenye shule alituletea meneja wa usafiri. Ni kijana msafi, shati limenyooshwa hadi linakata, na neno lake ni moja tu: mfumo. Ukimwambia tairi limeisha, atakwambia mfumo haujaonyesha. Tukamwita Bwana Mfumo, naye akadhani tunamsifu. Hajawahi kupanda basi letu hata siku moja. Anakuja na gari lake la vioo vyeusi saa mbili unusu, watoto wameshamaliza kipindi cha kwanza, halafu anatufundisha habari za watoto kupanda na kushuka.

Alifunga mashine mlangoni mwa basi. Kila mtoto akapewa kadi, na kadi ikafungwa kwenye mkanda wa begi ili isipotee. Kadi ikipita, mashine inalia, na mzazi anapata ujumbe kwenye simu kwamba mtoto wake ameshuka salama. Mashine ilipokaa sawa, akaniita ofisini. Akasema, "Mama, umetumika vya kutosha. Kuhesabu watoto kwa kidole ni mambo ya zamani." Nikamwuliza, "Na kwenda nyuma, ataenda nani?" Akaniuliza, "Kwani nyuma kuna nini?"

Nilimkabidhi daftari la majina. Alikunja jalada akalisukuma chini ya mguu wa meza yake uliokuwa unayumba. Lipo hapo hadi leo. Mkitaka ushahidi, inueni meza.

Afande ananiambia nisimwite mtu mpumbavu ndani ya maelezo. Sawa, afute. Aandike kwamba alikuwa mtu mwenye akili zake timamu akifanya kazi ya mpumbavu.

Mnamo tarehe 14, siku ya Jumanne, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, alipandishwa mtoto wa kike wa miaka mitano, mwanafunzi wa chekechea. Basi zima tunamwita Kasuku, kwa sababu tangu kituo chake hadi shule hafungi mdomo. Siku hiyo alinyamaza. Usiku alikuwa amekohoa, na mama yake alimpa dawa ya kifua ile inayoleta usingizi. Mama mtu ameniambia mwenyewe hospitalini kwamba alimweleza dereva kupitia dirishani, na nasikia dereva amesema hapa kwamba honi zilimzidi hakusikia. Sibishani naye. Dereva ni mtu wa kutazama mbele, na wa kutazama nyuma hakuwa amepewa. Zamani mama huyo angeniambia mimi, na mimi ningemkalisha mtoto kiti cha mbele. Jumanne Kasuku alikwenda kukaa kiti cha tatu kutoka mwisho, akalala, akateleza hadi chini.

Saa moja na dakika tano basi lilisimama langoni, mimi nikiwa pale. Watoto wakashuka, mashine ikalia mara thelathini na nne. Binti wa darasa la sita alipita na begi lake mgongoni na la Kasuku mkononi. Alilipeleka chekechea akalitundika kwenye msumari wake, kama nilivyomfundisha. Dereva akaona namba imetimia. Akapeleka basi kwenye uwanja wa nyuma ya jiko, akafunga vioo vyote, kwa kuwa Bwana Mfumo hataki vumbi kwenye viti. Akarudisha ufunguo ofisini, naye akatumwa mjini kufuata matairi.

Saa tatu na dakika ishirini alikuja langoni mwalimu wa chekechea, mwanamke mpole hadi anaudhi. Alikuwa ameona begi msumarini, akajua mtoto yupo, akadhani yuko chooni. Baadaye akadhani yuko kwa nesi. Alikuwa amezunguka shule nzima kwa adabu bila kupaza sauti. Akaniuliza, "Mama, Kasuku hujamwona akitoka nje?"

Nikamwambia twende tukachukue ufunguo wa basi.

Tulimkuta Bwana Mfumo ofisini na kikombe cha chai. Mwalimu akaeleza. Yeye akageuza tableti yake tuone, akasema, "Ameshuka saa moja na dakika saba. Hii hapa, kijani. Tatizo liko darasani, mwalimu, si kwenye usafiri." Nikamwomba ufunguo. Akasema basi likishafungwa kwenye mfumo limefungwa, na akilifungua kabla ya safari ya kurudi itaonekana kwamba safari ya asubuhi haikukamilika. Alikuwa na siku sitini na moja za kijani mfululizo, na mwenye shule huzitazama kila Ijumaa. Nikamwambia, "Kijana, nipe ufunguo." Akaniambia, "Mama, jaza fomu."

Sikujaza fomu. Nilirudi langoni nikachukua tofali tunalozuilia lango lisijifunge, nikaenda nalo nyuma ya jiko. Magoti yangu ni mabovu, lakini siku hiyo hayakuniuliza. Nilichungulia kioo cha mbele cha basi. Katikati ya njia, baina ya viti, kulikuwa na kiatu kimoja kidogo cheusi.

Kioo cha mlango nimekivunja mimi, mapigo matatu. Nasikia kimeandikwa kwenye ripoti kama uharibifu wa mali. Kiandikwe na hapa pia.

Ndani palikuwa na joto hata pumzi haiingii. Nilimkuta chini ya kiti, nywele zimelowa jasho, midomo imekauka, macho nusu wazi lakini hanioni. Nilimwita kwa jina lake na kwa la utani, hakuitika. Alikuwa anapumua kidogo kidogo. Ilikuwa saa nne kasoro kumi. Nilimbeba nikatoka naye mlangoni, na mashine haikulia.

Bwana Mfumo alikuwa amefika. Sitamzulia: gari lake ndilo lililotupeleka hospitali, na alilikimbiza. Alishindwa kuingiza ufunguo, mwalimu akamsaidia. Njiani alikuwa akisema, "Lakini alishuka, lakini alishuka." Kwa dakika zile kumi na mbili nilimwonea huruma. Huruma hiyo iliniisha jioni yake, aliporudi mezani kwake akanawa mikono kwa kuandika kwamba chanzo ni mwanafunzi wa darasa la sita aliyepitisha kadi isiyo yake kwa udanganyifu, na kwamba afukuzwe shule akishahojiwa hapa. Mwanamume mzima ana tableti, ana ofisi, ana gari la vioo vyeusi, na mzigo anamtwika mtoto wa miaka kumi na miwili aliyemsaidia mwenzake begi. Sijui alilelewa na nani. Mwenye shule naye akatia sahihi bila kuuliza swali, maana hiyo ndiyo kazi yake kubwa, kutia sahihi.

Kasuku yu hai. Jana jioni alianza kunywa maji mwenyewe, na leo asubuhi aliongea.

Afande ameniuliza kama nina la kuongeza. Ninalo. Turudi pale juu, saa moja na dakika tano, kuna jambo nimeliruka.

Yule binti alipopita langoni nilimsimamisha. Nikamwuliza, "Begi la nani hilo?" Akasema, "La Kasuku, bibi." Nikamwuliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Akasema, "Anakuja." Hakusema uongo, ndivyo alivyodhani, kwa sababu siku zote wadogo huja nyuma. Na mimi nilitazama nyuma yake nikaona hakuna anayekuja. Niliona. Basi lilikuwa hatua kumi kutoka niliposimama, mlango wazi, dereva bado hajawasha injini.

Sikwenda. Nilikuwa na kinyongo. Nilijisemea moyoni, kazi hiyo si yangu tena, mfumo utamwona. Nilisema hivyo na nikaona raha kusema. Mkoba wangu ulikuwa begani. Nikafunga lango, nikaenda kukaa kwenye kiti changu kivulini, nikanywa chai yangu. Muda wote mtoto yule akipikwa nyuma ya jiko, mimi nilikuwa namcheka Bwana Mfumo kimoyomoyo. Kwa hiyo mkitafuta mtu aliyejua akanyamaza, msimtafute darasa la sita. Bwana Mfumo naye alikuwa hajui kitu. Mimi nilikuwa najua nyuma kuna nini.

Leo Alhamisi, saa moja na dakika kumi asubuhi, nilikuwa langoni basi lilipofika. Wakubwa walishuka kila mmoja na begi lake tu, hakuna aliyegusa la mwenzake. Kwa sababu ya wito wenu habari imeenea basi zima. Yule binti alikuwa wa mwisho kati ya wakubwa. Nyuma yake alifuata mtoto mdogo wa chekechea na begi mgongoni, akateleza ngazi ya pili, akaanguka kwa magoti mbele yake. Binti alisimama akaficha mikono nyuma ya mgongo. Mtoto analia, yeye anamtazama tu. Nikamwambia, "Mbona humwinui mwenzio?" Akaniambia, "Naogopa kumgusa, bibi."

Nimefunga lango saa nane na nusu watoto walipoondoka, nikaja hapa moja kwa moja. Niliyoyaona na niliyoyafanya ndiyo hayo, nimeyasema mwenyewe bila kushurutishwa, na hakuna ninalotaka lipunguzwe.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Taarifa ya mwandishi wa maelezo: Maelezo haya nimeyaandika mimi, sajini wa zamu, nikamsomea shahidi kwa sauti. Amekubali kuwa ni sahihi, isipokuwa neno "bahati mbaya" nililokuwa nimeliandika mahali pawili, ambalo amelikataa. Nimelikata. Shahidi amefahamishwa kwamba anaweza kuitwa tena kwa aliyoyasema juu ya nafsi yake, akajibu kwamba lango hufunguliwa saa kumi na mbili na nusu na atapatikana pale. Wito wa mwanafunzi wa darasa la sita umefutwa leo, na mama yake amepigiwa simu. Kesho saa nne aje meneja wa usafiri, na aje na daftari lililo chini ya mguu wa meza.