Gari la Kaka Nur na Mafuta ya Papa

Mokowe, ng'ambo ya Amu,
Alhamisi, 6 Mfunguo Mosi 1375
(17 Mei 1956)

Mpendwa Kaka Nur,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakupa mkono wa Idi kutoka mbali, Mungu atukutanishe kwa Idi nyingine tukiwa kitako kimoja. U hali gani huko Adeni? Kifua kimekuacha? Ulisema vumbi la bandarini linakukohoza, nasi tukakupelekea asali ya Shangazi Mwanamkisi. Natumai imekufika kabla ya mabaharia kuimaliza.

Sisi huku, ukimtoa mmoja, ni wazima. Mama hajambo, magoti ni yale yale, na siku ya Idi alizunguka nyumba kwa nyumba kwa miguu yake, punda hakumtaka.

Huyo niliyemtoa ni mkeo Swafiya. Kaka, kaa kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Yu hai, na leo mchana amekunywa uji nikimwona. Lakini tangu Idi pili miguu imemvimba hata viatu havimwingii, kichwa kinamgonga, na anaona nyota mchana kweupe. Juzi tulimpeleka kwa daktari kule Amu. Alimpima mara mbili, akaniita nje, akaniambia damu imepanda mno na mimba imefika miezi minane. Apelekwe Mombasa upesi, uchungu usimkute huku.

Baharini hapaendeki. Kusi imeingia kwa vishindo, na chombo cha kwenda Mombasa siku hizi hupigana na upepo siku nne au tano. Basi nalo halijaonekana wiki nzima, kwa kuwa mto umefurika Garsen. Jumanne ndipo ilipokuja habari kwamba kivuko kimeanza tena kuvusha, lakini magari madogo tu. Na gari dogo upande huu, ukiondoa la Bwana Disii, mkuu wa wilaya, ambaye yuko safarini, ni lako peke yake.

Basi jana asubuhi tulivuka kwa mashua ya Khatib: mimi, Swafiya na mamake, Bi Tima. Swafiya tukamlaza kibandani kwa Bwana Athman, yule fundi wa kalafati, mziba nyufa za mashua, uliyemwachia ulinzi wa banda la gari. Mimi nikaenda kulitazama. Makuti yamevuja, kiti cha nyuma kuku wametaga, na bati la milango limeingia kutu ya chumvi. Mselem, dereva wa lori la mbao, aliniazima betri yake ya akiba, akaenda zake kupakia. Gari likawaka. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti mpaka watu wakacheka.

Nilifanya haraka kushukuru. Lilinguruma, likatoa moshi, na halikwenda hata hatua moja. Nilishusha mkono wa breki mpaka chini, ukalegea wote, na magurudumu ya nyuma yakabaki yameshikwa vile vile. Wanaume wanane wakasukuma. Likaburura mchanga mifereji miwili, magurudumu hayazunguki. Breki ya mkono ilikuwa imevutwa muda mrefu, na mvua na chumvi zikaigandisha humo humo ndani.

Unatujua sisi watu wa Amu: chombo kikifika pwani hakiachwi mpaka kimefungwa, na kamba ikavutwa tena mara ya pili kwa usalama. Aliyelifunga gari hili alilifunga hivyo. Alivuta ile breki kwa mikono miwili, akaliacha miezi.

Bwana Athman akainama, akachungulia, akagonga kwa ukucha. "Chuma ni chuma, mwanangu," akasema. "Misumari ya vyombo hukaa majini miaka, na dawa yake ni sifa." Ndiyo ile sifa, mafuta ya papa anayopaka mashua zake. Tukaliinua kwa jeki, tukatoa magurudumu, naye akamimina kifuu kizima ndani ya kitundu cha ngoma ya breki, huku na huku, akipigapiga kwa nyundo yake ya mbao. Kwa kifuu cha pili ngoma ikalia krr, ikazunguka. Bi Tima akapiga kigelegele. Pwani nzima ilinuka papa, na hakuna aliyejali.

Nikamtia Swafiya ndani, kiti cha nyuma, na mito yake. Nikalipeleka gari karibu na gati ili tupakie mizigo iliyobaki mashuani. Unapajua pale, pana mteremko. Nikavuta breki, nikazima, nikashuka kupokea bunda la Bi Tima.

Kaka, gari likaanza kwenda.

Lilikwenda kinyumenyume, polepole, bila ya kelele. Maji yalikuwa yamejaa. Nataka nikwambie kwamba nilikimbia, lakini sikukimbia. Nilisimama na bunda mikononi, nikawa natazama tu. Swafiya aliniangalia kupitia kioo, mikono yote miwili tumboni, wala hakupiga ukelele. Macho yale ninayo mpaka sasa ninapoandika.

Aliyekimbia ni Bwana Athman, na umri wake ule. Alinyakua gogo moja katika yale anayovutia mashua nchi kavu, akalitupa nyuma ya gurudumu. Gurudumu likalipanda, likalivuka. Akatupa la pili, akalikalia. Gari likasimama. Baadaye nilipima kutoka gurudumu mpaka majini: pima mbili, na hazikutimia.

Alasiri Mselem akarudi. Alipoambiwa alicheka, halafu akanusa ngoma, kicheko kikamtoka. Alifungua kila kitu, akaosha kwa petroli, akavikwaruza kwa msasa vile vipande vya ndani vinavyoshika, akavianika juani kutwa ya leo. Hakunificha. Vimeshakunywa mafuta, anasema, na vikipata moto njiani vitayatema tena. Breki ya mguu itafanya kazi kwa magurudumu ya mbele. Ya mkono nisiitumaini isipokuwa mahali pa sawasawa, na vipande vipya vinapatikana Mombasa tu.

Nami Garsen nitateremka ukingoni mpaka juu ya kivuko, na Kilifi vile vile, maji mbele yangu na mkeo nyuma yangu. Mselem amenifundisha: nizime gari likiwa ndani ya gia, na kila gurudumu litiwe gogo kabla sijaondoa mguu. Lori lake angetupa, lakini zito kama lile kivuko hakilitaki.

Bwana Athman anakuja nasi. Sikumwomba. "Ndiani mutamtaka mtu wa magogo," akasema, na amekwisha yachonga mawili kama kabari, ameyafunga kwa kamba asiyapoteze. Katika maisha yake hajapanda gari. Ameniuliza kama watu hutapika ndani yake kama wanavyotapika chomboni. Nilicheka, mara ya kwanza tangu juzi, kisha nikaona haya kwa kucheka.

Tunaondoka kesho baada ya alfajiri, inshallah. Sasa ni baada ya laasiri, niko kibandani, Swafiya amejinyoosha nyuma ya pazia na mamake anampepea. Mikono yangu unaijua, hushona kofia tundu kwa tundu bila ya kukosea. Leo inanuka papa, utainusa mwenyewe karatasi hii.

Sasa nifike kwenye lile ninalolizunguka tangu juu.

Katika kila barua nilikuandikia kwamba gari ni zima, kwamba kila Ijumaa navuka, naliwasha, nalizungusha kidogo. Nilikudanganya. Ulipoondoka Oktoba nilikwenda Ijumaa tatu. Ya nne mbuzi alinikatia njia, nikakanyaga kila kilichokuwa miguuni, gari likaenda upande na likasimama karibu na mti wa watu. Sikumgonga mbuzi wala mti. Lakini woga niliopata siku ile sijapata kuuona. Nikalirudisha bandani, nikavuta ile breki kwa mikono miwili, na sikurudi tena mpaka jana. Aliyelifunga ni mimi.

Nawe uliniambia. Gari la kukaa usilivutie breki, litie gia na mawe mawili. Uliniambia pia breki haitaki mafuta, hata tone. Nililikumbuka neno lako, Kaka, Bwana Athman akiwa amekishika kifuu, bado hajamimina. Nikanyamaza. Nilitaka gurudumu lizunguke kabla mtu hajauliza limegandaje. Yeye alifanya alichokijua, na mimi nilijua.

Swafiya nimemwambia leo mchana. Alijiinua kwenye mito yake, akaniangalia. Kisha akasema, "Mwandikie Nur. Halafu upumzike, kesho unaendesha."

Mama hatujamwambia habari ya gati, na ukimwandikia usiitaje. Anakusalimu sana, anasema ule vizuri huko nti za watu. Shangazi Mwanamkisi anakusalimu. Binti yako Radhiya amebaki kwake, amejifunza kusema "Adeni" na kila chombo kikipita anakiuliza kama kinatoka huko. Nisalimie Badawi na wote wa kwetu mlioko pamoja, mumsomee mkeo Yasini, ijapokuwa mtasoma wakati umekwisha pita.

Khatib ananiita gatini, maji yanakupwa. Nampa barua hii sasa hivi aifikishe posta ya Amu, isilale mkononi mwangu nikaichana. Nimeiandika leo, kabla sijajua lolote, kwa kuwa najijua. Tukifika salama nitasema ilikuwa safari njema, na haya yote nitayafunika. Tusipofika salama sitapata ulimi wa kuyasema.

Nikiingia Mombasa nitakupelekea telegramu, nayo itaitangulia barua hii kwa wiki tatu. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa unalijua nisilolijua mimi. Ikiwa ni la heri, nikasirikie utakavyo, sitajibu neno. Ikiwa ni lile jingine, Kaka, usimtie Athman lawamani wala usimtafute mwengine. Umeshaambiwa ni nani.

Mungu akuhifadhi wewe na hao wawili walio mwili mmoja nyuma ya pazia, na aniimarishe mguu wangu kesho.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, na leo akuogopaye,

Fadhil