Mwenye Nayo ni Nani?

Jumatano, Maretadu

Eti mimi mchochezi! Niliuliza tu kwenye grupu la ile programu ya sarafu za mtandaoni: mwenye nayo ni nani, na jirani yake ni nani? Mnadani hata ng'ombe hatumnunui bila kumfungua mdomo tuone meno, na jirani wa muuzaji awepo kushuhudia kuwa si wa wizi.

Shemeji Daudi, aliyeniingiza humo, akajibu, "Shemeji, kila kitu kiko wazi, angalia skrini."

Skrini inaonyesha faida. Nikitaka kuitoa, wanadai kwanza niwalipe ada.

Silipi. Naogopa hela yangu ya maharage niliyoweka humo imeshakwenda, lakini kunyamaza siwezi.

Jioni wameniita mchochezi, wakanitoa kwenye grupu. Sawa. Kesho ni mnada, wote wa grupu watakuja. Nitauliza tena, kwa sauti. Huko wanitoe, tuone.