Picha ya Dani Akicheka

Chuo cha Ualimu,
Kisumu.
16 Septemba 1991

Mpendwa Gakenia,

Pokea salamu nyingi kutoka huku ziwani, ambako mvua imechelewa na vumbi linatuingia mpaka kwenye chai. U hali gani, na mguu wa mama uliokuwa ukimsumbua unaendeleaje? Msalimie sana, na mzee Mathenge pia. Mwambie kwamba lililokuwa duka lake hapa mjini sasa linauza viatu, na mwenye duka hawapi wasichana magazeti ya zamani bure kama mzee alivyokuwa akitupa sisi. Mimi ni mzima wa mwili. Habari za moyo ndizo zilizofanya barua hii iwe ndefu.

Tangu tuachane sijabadilika sana. Ukuta ulio juu ya kitanda changu bwenini ungeutambua hata bila kuambiwa ni wa nani. Kuna malaika niliyemkata kwenye kadi ya Krismasi, na kando yake mpiganaji wa mieleka kifua wazi. Kuna vibonzo vya magazetini, jalada la santuri ya Lingala, na kichwa chenye nywele za mraba nilichokinakili kutoka kwenye kibao cha kinyozi sokoni Kibuye. Nilimwomba kinyozi ruhusa, naye akasema nichore tu, ila nisimfanye mtu yule awe mzuri kuliko alivyo kibaoni, kwa sababu wateja watakuja kudai kichwa kama hicho. Wenzangu husema ukuta wangu ni rundo la mitumba. Lakini Bi Maximilla, anayetufundisha sanaa, aliutazama kwa muda mrefu siku ya ukaguzi, kisha akaniambia kwamba angependa nichukue Sanaa iwe somo langu kuu mwaka huu wa mwisho.

Hapo ndipo penye shida. Chuo hakimruhusu mwanafunzi kubadilisha somo kuu mpaka mzazi au mlezi aje aseme na mkuu wa chuo. Mlezi wangu unamjua, ni baba mdogo Ogola, aliyenilea tangu baba alipofariki, na ambaye ni mwalimu mkuu kule Awasi. Yeye alinichagulia Hisabati. Huniambia kwamba mwalimu wa Hisabati hakosi shule, lakini mwalimu wa kuchora hupewa darasa siku ambayo mwenzake ameugua. Hasemi kwa ukali. Husema kama mtu anayekuonyesha mahali pa kukanyaga mnapovuka mto.

Sasa nikupe habari ya huzuni. Dani, bibi yangu, alituacha mwezi uliopita. Najua utasikitika, kwa kuwa alikuwa kama bibi yako pia, naye hakuacha kuniuliza habari za binti Mathenge aliyejifunza kula kichwa cha samaki mpaka macho. Utakumbuka likizo uliyokuja kwetu, tulivyomsomea vibonzo na mimi nikivigeuza kuwa Kijaluo. Alitaka kila picha ielezwe, kisha aliongeza maneno yake mwenyewe, ambayo yalikuwa bora kuliko yaliyoandikwa. Siku nilipomwonyesha yule mpiganaji wa mieleka, aliuliza kama mtu mwenye nguvu zote hizi hana mama wa kumnunulia shati. Halafu akacheka, na unajua kwamba akicheka hakulificha lile pengo la meno sita ya chini ambayo watu wa rika lake waling'olewa wakiwa wadogo.

Alipofariki hatukuwa na picha yake ila ile ya kitambulisho. Umeona matanga yetu: picha ya marehemu huwekwa mezani karibu na jeneza, na kila anayefika akilia husimama mbele yake na kusema naye kana kwamba anasikia. Studio moja ya mjini ilijaribu kuikuza ile ya kitambulisho, ikatoka kama ukungu. Basi baba mdogo akaja chuoni kuniomba nimchore mama yake. Akasema, bila mimi kumwuliza, kwamba kazi ikiwa nzuri, yeye mwenyewe atakwenda kwa mkuu wa chuo kuniombea Sanaa. Aliniachia kitambulisho, na aliponiaga hakuuachilia mkono wangu mapema.

Nilifika Awasi na picha ya Dani akicheka. Kichwa kimelala nyuma, pengo liko wazi, na jicho moja limefinywa kama alivyofanya akijua kwamba amekushinda kwa mzaha.

Baba mdogo aliifungua. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nilikuwa nimewafikiria watakaokuja kulia. Mtu atoke Sondu na machozi yake, afike hapa, akute marehemu anamcheka? Mimi nilikuwa nimemfikiria Dani tu, wageni sikuwafikiria. Akachukua leso akaifunika picha pale pale mezani, na watu wakawa wanafika na kuililia leso. Shangazi mmoja alipoulizwa kwa nini picha imefunikwa, alijibu kwamba rangi haijakauka, ingawa nilikuwa nimechora kwa penseli.

Adhuhuri akaja Nabututu, yule bibi jirani aliyeolewa kwetu kutoka Bungoma, rafiki wa Dani wa kugombana naye kila siku. Hakuomba ruhusa ya mtu. Aliivuta leso, akaitazama picha, akashika kiuno. Akamwuliza Dani anacheka nini, ikiwa amemwachia kuku wasio na adabu wanaokula mtama wake. Akamwuliza kama huko alikokwenda wamemrudishia meno yake, maana ameufungua mdomo kama mtu anayetaka kuyaonyesha. Watu waliziba vinywa, halafu wakashindwa. Mchungaji mwenyewe aliinamia Biblia yake na mabega yakawa yanatikisika. Nabututu akaendelea kumgombeza mpaka sauti ikamkatika, akaketi chini mbele ya meza na kulia, na wanawake wote wakalia naye. Leso haikurudishwa tena. Ila baba mdogo alibaki nje, karibu na zizi, na mazishi yalipokwisha hakusema neno lolote juu ya Sanaa.

Jana, Jumapili, alikuja kunitembelea. Aliketi kwenye kiti akautazama ukuta wangu, mimi nikiwa nimekaa kitandani. Akasema nyumbani hakuna picha ya Mama, kwa kuwa ile ya matanga Nabututu aliondoka nayo, na hakuna mwenye ujasiri wa kwenda kumdai. Anataka nimchoree nyingine, mdomo umefungwa, mama wa heshima ambaye anaweza kumwamkia kila asubuhi. Akasema Ijumaa atakuja kuichukua, na safari hiyo hiyo atapita kwa mkuu wa chuo. Nikamwambia polepole kwamba Dani hakuufunga mdomo hata kanisani. Akajibu kwamba anajua. Alipokuwa mvulana, Mama alikuwa akicheka kanisani na watoto wengine wakigeuka kumtazama yeye, mwanawe.

Gakenia, neno linalofuata sijamwambia mtu. Picha anayoitaka ipo. Niliichora kwanza, kutoka kwenye kitambulisho, kabla ya ile ya kucheka. Nilizibeba zote mbili mpaka Awasi, na baba mdogo aliponyoosha mkono nikamtolea ile ya kucheka. Ile ya mdomo uliofungwa ni kazi safi, kila mstari umekwenda kama tulivyofundishwa, lakini nikiitazama namwona mwanamke aliyeambiwa na karani asitikisike. Jana ilikuwa chini ya godoro nililokalia, nami nilinyamaza. Najua ni mama yake, na pengine sina haki ya kumchagulia uso wa kumkumbuka. Nilijiuliza hivyo kutwa nzima. Lakini naona kwamba nikiingia Sanaa kwa picha ile, ndiyo nitakayoendelea kuombwa maisha yangu yote, na nitaichora vizuri, na kila mtu atanisifu.

Leo nimemwandikia kwamba nitamchorea Mama yake mara nyingine tena, akicheka, kwa kuwa ndivyo ninavyomjua. Nimesema kwamba asipoweza kuitundika, nitasoma Hisabati kwa bidii na sitamnunia. Lakini nimemwomba aende kwa mkuu wa chuo hata hivyo, na bado natumaini. Alipokuwa akisema habari za kanisani niliona uso wake unataka kulegea.

Barua yake naipeleka posta pamoja na hii. Ila ninajijua. Ijumaa ikikaribia, mkono wangu utaingia chini ya godoro. Kwa hiyo Dani aliyefunga mdomo nimemweka ndani ya bahasha yako. Samahani kwa mkunjo uliopita katikati ya uso. Mtunze mahali pakavu, na usimrudishe, hata nikikuandikia kukuomba.

Wasalimie wote wa nyumbani mmoja mmoja, usimruke hata mdogo. Mungu awape afya na mvua ya kutosha.

Ni mimi rafikiyo wa dawati moja,
Lornah Adero